Shangazi Kibodi Anajibu: Laptopu Yangu Ina Draiva ya 1968!

*Shikamoo Shangazi. Nimeweka programu ya bure inayojitapa kukagua draiva. Ikazunguka kidogo, ikaniletea orodha nyekundu: draiva 34 zimepitwa na wakati! Kadhaa ni za 2006, na moja, naapa, ya 1968. Laptopu yenyewe imetengenezwa 2019. Inasema nikilipia itazisafisha zote kwa mpigo. Sijalala. Nilipe?*
*Roho Juu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kwanza lala.

Hizo za 2006, tazama vizuri, utakuta zimeandikwa 21 Juni. Si kwako tu. Fungua kompyuta ya ofisini au ya mjomba, utaikuta tarehe hiyo hiyo. Microsoft huigonga makusudi kwenye draiva zinazokuja ndani ya Windows. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa sawasawa, huchukua yenye tarehe mpya. Microsoft wangeandika tarehe ya kweli, draiva yao ya jumla ingekuwa inaipiga kumbo ile ya mtengenezaji wa kifaa, naye ndiye anayekijua. Basi ya kwao wakaizeesha ili ikae nyuma. Ndani yake huenda imeandikwa juzijuzi. Cha kutazama ni namba ya toleo.

Hiyo ya 1968 nimeipenda zaidi. 18 Julai 1968 ndiyo siku Intel ilipoanzishwa. Nao wamefanya ujanja ule ule kwa draiva za chipu za ubao mama, ila wakachagua siku yao ya kuzaliwa. Faili lenyewe mara nyingi halina kazi zaidi ya kuiambia Windows jina la kifaa. Sasa programu inayojiita bingwa wa draiva, na hilo hailijui, au inalijua na inanyamaza ili ulipe, unaipa kadi ya benki ya nini?

Sauti ipo? Wi-Fi inashika? Kamera inakuonyesha? Basi usiguse. Vingi vinavyohitajika huletwa na Windows Update, na vilivyobaki vipo kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Kadi ya michoro naiweka pembeni: ukicheza gemu au kuhariri video, toleo jipya lina faida yake, nalo NVIDIA, AMD na Intel wanalitoa wenyewe, bure. Hiyo hela nunua bando.

*Shangazi, mume wangu hapitwi na kitufe cha "Update All". Juzi kakibonya, sasa spika ni bubu, na nikitafuta kitu intaneti napelekwa kwenye ukurasa nisioujua. Yeye anailaumu Windows.*
*Mke wa Bingwa, Mwanza*

Pole mama. Spika za laptopu zina draiva iliyorekebishwa na mtengenezaji kwa ajili yake. Programu ya bwana ilitazama jina la chipu tu, ikaleta ya jumla. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, bofya mara mbili kifaa cha sauti, nenda "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, kachukue draiva kwa mtengenezaji wa laptopu. Huo ukurasa mgeni aliingia nao mwenyewe, kwenye visanduku alivyopita bila kusoma. Ondoa programu zote zilizoingia siku ile.

Akikwambia draiva ni kitu kidogo, mkumbushe 19 Julai 2024. Draiva nyingi hufanya kazi kwenye kiini cha Windows, zikianguka huanguka na kompyuta nzima. Siku ile faili moja lenye kasoro lilifika kwa draiva ya CrowdStrike, kampuni ya usalama yenye heshima zake, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaishia kwenye skrini ya bluu. Viwanja vya ndege vilikwama!

*Shangazi, usitupake matope. Mimi napiga Windows Kariakoo. Nikimaliza kwenye laptopu ya mtumba, Wi-Fi haipo, na mteja kakaa kwenye kistuli ananikodolea macho. Flashi yangu ya draiva ndiyo inayonitoa. Niitupe?*
*Fundi Flashi*

Usiitupe, fundi, hapo una haki. Mkusanyo kama Snappy Driver Installer Origin haudai hela, na unafanya kazi bila intaneti. Weka zile zilizokosekana tu, palipo na alama ya njano. Kifaa kisicho na jina, soma namba yake ya utambulisho: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek. Wi-Fi ikishashika, mengine iachie Windows. Ukisahau flashi nyumbani, chomeka simu ya Android ya mteja kwa waya na ugawe intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huitambua yenyewe. Bando ni lake.

Ninachokukataza ni kule kuweka zote ili mteja aone mistari inakimbia kwenye skrini na kulipa bila kunung'unika.

*Mchumba wangu anatumia Linux. Anasema draiva ni mateso ya watu wa Windows. Nimwamini?*
*Njia Panda, Morogoro*

Kwa sehemu kubwa hakudanganyi: draiva nyingi za Linux huja ndani ya kiini chake. Mwambie barua ya posa aichape kwa printa yake mwenyewe, siku hiyo hiyo aliyoitoa dukani.