Mabano ya Datsun

Muuza spea alinitazama, akatazama kikaratasi nilichomshikisha, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Mabano, mwalimu? Duka la vitabu ni lile pale."

Kosa lilikuwa langu. Nimefundisha Kiswahili miaka 22, na katika miaka hiyo sijui nimemaliza kalamu ngapi nyekundu kuwakatia wanafunzi neno "braketi", wakati kamusi ina mabano. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kile kipande cha chuma kinachoshikilia bampa au betri isidondoke njiani, Mombasa nzima inakiita braketi, na kwamba mabano kwa mafundi ni mambo ya karatasi. Nikaimeza kamusi yangu, nikasema "braketi". Kijana akanijibu kwa upole kwamba za Datsun 240Z hana, na hata babake aliyemwachia duka hakuwa nazo.

Gari lenyewe ni la urithi. Marehemu mjomba wangu alikuwa mgonjwa wa Safari, yale mashindano ya magari yaliyokuwa yakifanyika Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya Mehta na Harry Källström kufungana kwa pointi hadi kanuni za sare zikaamua. Mjomba aliisimulia sare hiyo kila Idi, kana kwamba yeye ndiye aliyehesabu. Akajiwekea akiba mpaka akalipata lake: viti viwili, silinda sita, boneti ndefu kama jahazi. Hoja yake ilikuwa moja: gari lililoyashinda matope ya bara litashindwaje na Mombasa?

Lakini matope huoshwa yakaisha. Hewa ya bahari haina pa kuoshewa. Sisi twakaa Tudor, maji ya mkono wa bahari yako hatua chache, na upepo wa jioni huja na chumvi yake. Chumvi ikishatua juu ya chuma huvuta unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu, basi kutu hula kwa mikono miwili. Juu ya hayo, mjomba alipodhoofika, gari lilikaa miaka chini ya mwarobaini. Majani yakajaa kwenye ule uwazi ulio chini ya waipa, yakaziba njia ya maji, na maji ya mvua yakatafuta njia nyingine: kwenye kikalio cha betri, ambacho tayari kilikuwa kikilambwa na asidi ya betri yenyewe. Watu wa 240Z dunia nzima wanakijua kidonda hiki. Mimi nilikijua siku niliyofungua boneti nikaiona ardhi.

"Mwalimu," fundi aliniambia, akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, "gari hii haina braketi. Ina kumbukumbu ya braketi."

Nilitaka kumwonyesha kwamba mwalimu naye ana mikono. Nikachukua spana namba 12, nikaingia chini ya bampa, nikavuta. Bolti ikazunguka kwa ulaini wa ajabu. Nikamwita mwanangu aje aone. Nikaendelea kuzungusha, nikijisifu, hadi kichwa cha bolti kikaniangukia kifuani. Mwili wake ulibaki ndani ya chasisi na haukuwa na haja na mimi. Bolti ya pili ilikuwa na adabu zaidi: ilikatika kwa kishindo, nikajua mara moja. Ya tatu ilikubali kufunguka vizuri, ila iling'oka pamoja na braketi na kipande cha bati chenye ukubwa wa sahani ya chai.

Shuleni nilimweleza mwalimu mwenzangu wa kemia. Macho yakamng'aa. Akaniambia niache msasa, nitumie umeme: ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, yale yale ya kulainishia maharage, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi ufungwe kwenye kitu chenye kutu, waya chanya kwenye chuma cha kutupa. Vyote vizame ndani ya maji bila kugusana. Umeme ukipita, kutu hulegea na kutoka, na chuma cha kutupa ndicho kinacholiwa. Nifanyie nje, akasisitiza, kwa sababu hutoka hewa ya haidrojeni, na hiyo huwaka.

Maelezo yote niliyashika, isipokuwa jambo moja dogo. Usiku ule uani, nikiwa na nyaya mbili mkononi, nilijiuliza: hasi ilikuwa wapi? Nikafikiri kama mtu wa lugha. Chanya ni jambo jema, hasi ni jambo baya. Braketi yangu ya mwisho nzima ndiyo ninayoipenda; lile bawaba la mlango wa choo lililooza ndilo la kutupa. Nani angempa kipenzi chake hasi?

Asubuhi maji yalikuwa mekundu kama mchuzi wa pweza. Nikatia mkono, nikatoa bawaba la choo. Lilikuwa safi, la kijivu, mashimo ya skrubu yameonekana moja moja. Sidhani kama hata siku ya kununuliwa lilipendeza vile. Kisha nikatoa braketi. Ilikuwa imebaki kama jani lililoliwa na kiwavi, mishipa tu. Mke wangu akalitazama bawaba, akanitazama. "Afadhali umekumbuka mlango wa choo," akasema. "Nimekwambia tangu Ramadhani."

Ziko braketi mpya, Wamarekani na Waingereza wanaoyaenzi magari haya bado wanachonga. Niliisoma bei pamoja na ya usafiri, nikaweka simu kifudifudi.

Fundi hakushangaa. Alisema braketi ni chuma kilichokunjwa, si uchawi. Nimletee engo, yaani chuma cha pembe, ya milimita tatu, yeye atakata kwa grainda, atatoboa kwa drili, atachomelea, na jioni betri itakuwa na pa kulala. Engo mpya dukani huuzwa ndefu nzima, nami nilihitaji chini ya mita mbili. Nikaingia stoo. Kule, nyuma ya magunia, kilikuwepo kitanda cha chuma cha rangi ya kijani, kimefunguliwa vipande. Matendegu manne, mifumbati yake imenyooka, chuma cha zamani kile kizito. Nikachukua mfumbati mmoja tu. Mtu mwenye mifumbati miwili akikosa mmoja, nilijiambia, anaweza kuweka ubao.

Fundi aliusifu sana. Akaukata, akaupiga rangi nyeusi pale alipokumbuka, na akafungia hapo hapo waya wa arthi wa betri. Gari likawaka. Nilizunguka nalo mtaa mzima hadi watoto wakachoka kulipungia mkono.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Malindi kukaa nasi mwezi. Nilimpokea steji kwa Datsun, kwa heshima zote, kikapu chake cha maembe nyuma. Karibu na mzunguko wa Makupa nikaingia kituo cha petroli. Nikajaza, nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Nikafungua boneti, ambayo kwa gari hili hufunguka kuelekea mbele, kwa hiyo kila kitu cha aibu huwa upande wa abiria anaposhuka. Naye akashuka. Sababu niliiona haraka: chini ya waya wa arthi fundi hakukwangua rangi, bolti ikalegea kidogo, na rangi haipitishi umeme. Nikatoa shilingi ishirini mfukoni, nikaanza kukwangua. Nyeusi ikatoka. Chini yake ikajitokeza kijani, kisha kijani zaidi.

Mama mkwe akavaa miwani, akainama. Kitanda kile alitupatia yeye, siku ya harusi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huu si mfumbati wa kitanda changu?"

Miaka 22 sijawahi kumsikia mtu mwingine akilitumia neno hilo mahali pake.

"Hapana, mama," nikasema. "Hiyo ni braketi."