Kumbe Mtaalamu Ndo Mimi

Jamani, mimi magazeti nayasoma wima. Kama wewe tu, usijifanye. Yamepangwa chini, yamebanwa na mawe, unainama kama umedondosha sarafu, unameza vichwa vya habari vyote, unasepa. Juzi nikaponzeka. Herufi nyekundu, nene: MAZITO YAIBUKA SAKATA LA MAJI! Na mtaani kwetu siku ya nne bomba linatoa upepo. Nikatoa buku. Buku zima!

Mbele mistari minne tu, "inaendelea uk. 7". Uk. 7 kuna tangazo la mnada. Stori naikuta uk. 11, imebanwa chini ya msimamo wa ligi. "Mtaalamu wa masuala ya maji aliyeomba jina lake lisitajwe" anasema greda limepasua bomba kuu, maji mpaka wiki mbili. Nikatikisa kichwa. Wasomi hawa, wanajua mambo! Wahusika walipotafutwa, simu iliita bila kupokelewa. (Hiyo sentensi nahisi inakaa pale tayari, wanaichomeka tu.) Nikarudia kusoma. Mbona hili greda kama nalijua?

Mtaalamu ndo mimi.

Jumanne, kijiweni, kwenye kahawa. Nilikuwa nabwabwaja. Greda nimelitoa kichwani. Wiki mbili ni zile nilizomwomba Mangi anivumilie deni la sukari, zilikuwa bado mdomoni. Pembeni kuna kijana na kadaftari. Nikadhani anapanga mkeka! Na nani aliomba jina lisitajwe? Nilimtajia mara mbili, la kwangu na la babu. Hawa madogo wengi wanalipwa kwa stori iliyotoka, sawa, njaa naielewa, lakini hata kahawa ya kikombe kimoja hakuninunulia.

Eti Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuja na kanuni za kumtaka mwandishi awe walau na diploma. Sawa. Na mtaalamu je? Mimi ufundi bomba niliacha wiki ya pili, nilimwagia maji mwalimu. Nikawaza niende Baraza la Habari, lipo tangu 1995, malalamiko wanapokea. Nikalalamike nini sasa? Kwamba nimenukuliwa sawasawa?

Nafika nyumbani, mama Juma ameshasikia magazeti yakisomwa redioni.

"Baba Juma, maji wiki mbili! Kanunue madumu sita."

"Mke wangu, huo uongo ni wangu mwenyewe."

"Wako wewe? Acha kujikweza. Wamesema mtaalamu."

Nikabeba madumu. Njiani na mimi nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Gazeti zima liandike, wahariri wapitishe, halafu iwe uongo? Labda greda lipo kweli, mimi nilioteshwa.

Kwa dogo wa mkokoteni, dumu jana mia tano, leo buku. Nikawaka. Dogo akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Mzee, kwani wewe husomi magazeti?"