Muulize Yaya: Papa Amenunua Viatu Vyeupe

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Kongolo. Nimezisoma nikagundua kwamba waandishi wake wanakaa karibu zaidi kuliko wanavyodhani, ila siri ya barua ni siri, na mimi sitamwambia mtu. Msomaji mwenye macho atajijazia mwenyewe.

*Yaya mpendwa,*
*Nina miaka sitini na nane. Enzi za Zaire nilipiga solo katika orkesta ya wafanyakazi wa reli hapa Kongolo, kisha nikaacha, nikaingia biashara ya mawese. Sasa vijana wa orkesta moja wamenifuata. Wanataka tufanye mzunguko wa Kabalo, Nyunzu, mpaka Kalemie, tupige miziki ya zamani, maana wanasema watu wa kule wamechoka na makelele. Vidole vinaniwasha. Mke wangu hasemi kitu, na hilo ndilo linanitisha. Niende, au nikae na madumu yangu?*
*Mpiga Solo Mstaafu, Kongolo*

Papa, nenda. Nimetanguliza jibu usije ukasema Yaya alikuzungusha. Sasa tukae tuongee masharti.

Wewe si wa kwanza. Papa Wendo Kolosoy, mzaliwa wa Mushie wa mwaka 1925, aliwahi kuwa makanika wa meli za mtoni kabla watu hawajamjua. Mwaka 1948 akatoa Marie-Louise pamoja na Henri Bowane, wimbo ambao watu wa Léopoldville walisema ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu, mpaka mapadre wakachukia. Miaka ya 1960 akaweka muziki chini, akakaa kimya miongo kadhaa. Aliporudi miaka ya 1990 alikuwa anakaribia sabini, na bado alipelekwa Ulaya kuimba. Mauti yalimkuta Kinshasa mwaka 2008, akiwa na miaka 83. Aliporudi hakujifanya kijana. Alirudi na rumba yake ileile ya taratibu na sauti yake ileile ya kupanda na kuvunjika, na watu wakaja kuisikia hiyo hiyo.

Ndiyo maana neno "solo" kwenye barua yako limenitia wasiwasi. Sebene la siku hizi, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, halina mwisho. Atalaku, yule mtaja majina, ana orodha ya mabanga mfukoni, kila mwenye dola tano anataka jina lake litajwe, na mpiga solo haruhusiwi kusimama mpaka orodha iishe. Hiyo ni kazi ya mtu wa miaka ishirini na tano aliyeshiba. Wewe omba mi-solo. Mpiga mi-solo anakaa kati ya solo na ridhimu, anajaza, anajibu, anaubeba wimbo bila kujionyesha. Akiondoka, wachezaji wanahisi kuna kitu kimepungua wasijue ni nini. Na gitaa lako ulitege mi-composé kama wazee walivyofanya: toa uzi wa nne, mahali pake weka uzi mwembamba, ule wa kwanza, uuvute mpaka usikike oktavu moja juu ya ule uliotoa. Vijana wako watakuuliza sauti hiyo inatoka wapi. Usiwaambie siku ya kwanza.

Halafu ngozi. Mikono ya mtu wa mawese ni laini, Papa, tusidanganyane, na inateleza. Anza mwezi mzima kabla ya safari, asubuhi kidogo na jioni kidogo, mpaka sugu irudi kwenye ncha za vidole. Lengelenge likitokea usilitoboe. Pumzika, uendelee.

Sasa pesa, na hapa nakuomba usome polepole. Kabla hujapanda treni uliza, na uulize mbele ya shahidi: petroli ya jenereta ananunua nani, mwenye baa au orkesta? Ampli ni zenu au za kukodi? Pesa ya mlangoni anahesabu nani, na anahesabu saa ngapi? Nimeuza bia ya Simba karibu na stesheni miaka mingi. Nimeona orkesta zikijaza ua mpaka watu wanapanda ukutani, halafu alfajiri mpiga ngoma anakopa chai. Petroli imekula, ampli zimekula, na mwenye orkesta haonekani. Ukipatana nao, kiandikwe kiasi chako cha kila usiku, si "tutaona". Hiyo "tutaona" nimeiona mimi, haina chakula ndani yake.

Na usikubali kugeuzwa picha. Tangu rumba ya Kongo iingizwe kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021, kila mheshimiwa anatafuta mzee mwenye gitaa wa kusimama naye. Ukiitwa, ulizia posho kabla ya kuulizia suti. Ukiambiwa ni heshima tu, jibu kwamba heshima umeshapewa na wajukuu.

Kuhusu njia yenyewe, unaijua kuliko mimi. Treni ya Kabalo haina saa, ina siku, na majuma mengine hata siku haina. Beba chandarua, sufuria ndogo na dawa zako. Kama mtachukua lori, msisafiri usiku juu ya makreti na spika. Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, ambaye kwa dole gumba na kidole cha shahada alifanya gitaa moja lisikike kama mawili, hakuondolewa na uzee. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, anapiga na kurekodi tena. Mwaka 1990 barabara ikamchukua, kwa ajali. Mwambie huyo dereva wenu alale.

*Yaya,*
*Mume wangu ni mtu mzima mwenye wajukuu. Amenunua viatu vyeupe. Amevificha chini ya kitanda, nyuma ya madumu, akidhani sifagii. Usiku anagongagonga vidole kifuani kwake kama mtu anayetafuta funguo. Nimesikia kwa watu kwamba anataka kufuata orkesta mpaka Kalemie. Safari ya mwisho, wakati wa Mobutu, alirudi na deni na blanketi ambalo si la nyumba hii. Isitoshe ni mzee wa kanisa, na pasta amesema muziki wa baa na meza ya Bwana haviketi pamoja. Nimzuie?*
*Mama wa Watu, Kongolo*

Mama, tuanze na blanketi tulimalize. Miaka thelathini imepita. Kama mpaka leo unalijua lilipo, basi ni blanketi zuri.

Viatu vyeupe visikunyime usingizi. Mwanamume mwenye hawara huficha simu. Anayeficha viatu anawaza jukwaa, tena anaona aibu kukwambia, kwa sababu anaogopa utacheka. Ungecheka kweli?

Kwa huyo pasta nina hadithi. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, kule inakofika reli hii hii inayotoka Kongolo. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, Mzee Makassy, akaingia Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila mpaka kwenye majukwaa ya WOMAD na studio za Real World, Uingereza. Miaka yake ya mwisho, baada ya kupatwa na kiharusi, aliacha dansi akaimba injili, mpaka alipofariki Desemba 2010. Ukienda Dar leo, kondakta wa daladala bado anaita "Sinza kwa Remmy!" na anayeshuka pale anaweza kuwa mlevi au mlokole, wote wanajua ni wapi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuimba huku na huku, kwa zamu. Omba ruhusa ya Jumapili mbili. Pasta akikataa, muulize kwa adabu magitaa ya kwaya yake yanapiga sebene la nani kila ibada.

Lakini kuna jambo zito ambalo hukuliandika. Mwimbaji Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, mbele ya watu, kamera zikiwaka, akiwa na miaka 66. Mumeo, nahisi tu, amevuka hapo. Usimzuie; mpeleke hospitali kabla ya safari. Apimwe presha na sukari, na kama amepewa vidonge, uvihesabu wewe mwenyewe, viwe vya kutosha kwenda na kurudi na siku za treni kuharibika porini. Mwanamuziki humeza dawa akikumbuka, na kwenye sebene hakumbuki.

Na ukiweza, Mama, panda naye. Sisemi kwa ajili ya ulinzi. Orkesta ina tatizo la mtu wa mlangoni, na pesa ya mlangoni ikihesabiwa na mke wa mpiga gitaa haijawahi kupotea. Panda na madumu ya mawese pia. Uyauze Kalemie, ununue samaki wa ndakala waliokauka vizuri, urudi nao Kongolo. Hata kama orkesta itashindwa kulipa, nyumba itakuwa imelipwa. Hilo shauri sijampa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo ukilipeleka mezani litaonekana ni lako.

*Tantine,*
*Sisi ni orkesta ya vijana. Tumemchukua mzee mmoja kwa ajili ya mzunguko. Mazoezi ya kwanza amekaza na kulegeza nyuzi dakika arobaini akitafuta noti ya "la". Akataka kibodi kizimwe. Akatuambia "Franco asingekubali" mpaka mpiga besi wetu akaanza kuhesabu. Mashabiki wanamtaka, lakini atatuchelewesha. Tufanyeje?*
*Shefu wa Orkesta*

Mwanangu, hizo dakika arobaini ndiyo mara ya kwanza orkesta yenu imekuwa na "la" moja kwa watu wote. Nimewasikia siku moja mkipiga karibu na daraja. Hata mto Lualaba ulikuwa kwenye ufunguo tofauti.

Kuhusu Franco, mzee ana haki. Franco hakukubali mengi, na orkesta yake ya OK Jazz ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Mpeni mzee Franco watatu kwa mazoezi, akizidisha ananunua soda.

Yaliyobaki ni ya kupanga tu. Mpeni kiti chenye mgongo, si kreti. Mwacheni afungue yeye saa mbili usiku, msimsubirishe mpaka saa nane, kwa sababu waliolipa kiingilio kumsikia yeye ni watu wa kulala mapema na ndio wenye pesa. Akimaliza nyimbo zake ashuke, ale bukari na samaki, alale. Kelele zenu endeleeni nazo mpaka jua litoke. Jina lake msiliuze kwa mabanga. Na mshahara wake mkamlipe mkononi, siku hiyohiyo, mbele ya yule mama atakayekuwa mlangoni. Mtamjua mkimwona.

Mkifikiri mnamfadhili, mkumbukeni King Kikii. Boniface Kikumbi, mtoto wa Lubumbashi, ndiye aliyewafanya watu wa Dar es Salaam wapunge vitambaa vyeupe kila Kitambaa Cheupe kikipigwa. Uzee ulipofika hakuzunguka akiomba nafasi kwa vijana. Alikuwa na bendi yake, La Capitale, akaiita Wazee Sugu, na watu wakaifuata miaka na miaka. Alifariki mwaka 2024, na siku hiyo waliokuwa wanapunga leso walizitumia kufutia machozi. Mkimkera huyo wenu atafungua yake, na Kalemie itakwenda kulipa kiingilio kwake.

*Yaya,*
*Jirani yangu anapiga gitaa usiku. Ni wimbo uleule, na anakosea mahali palepale. Nifanye nini?*
*Asiyelala*

Mpelekee sombe ya moto saa moja jioni, umwambie kijana wako ana mtihani. Mazoezi yaishe saa mbili. Kama ataendelea baada ya hapo, gonga ukuta, lakini ugonge kwenye mapigo, asije akadhani umemletea konga.

La mwisho si barua, ni tangazo. Mpiga Solo Mstaafu ameongeza chini ya karatasi yake kwamba uzi wake wa kwanza umekatika na amefunga waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki hauwezi kutegwa mi-composé, na utamchana vidole kabla ya Nyunzu. Wafanyabiashara mnaotoka Lubumbashi, Kigoma au Bujumbura, mwenye seti ya nyuzi za gitaa la umeme azilete Kongolo kabla orkesta haijaondoka. Atalipwa taslimu, na mwenye kulipa ni mimi.