Barua ya Wazi kwa Bodi ya Parole ya Kanada, kwa Ajili ya Mawakala wa Msamaha

Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, Ottawa,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahiki watu waliokabidhiwa rehema ya dola nzima, naomba idhini ya kuwaandikia kwa niaba ya kundi ambalo halikunituma, nalo ni mawakala wa msamaha, wale mabwana na mabibi ambao kwa ujira wa mamia ya dola, unaopokelewa hata kwa mafungu, humsaidia mtu kuomba rekodi yake ya jinai isimamishwe. Sisi Waswahili wa Toronto na Edmonton hatukulisikia jina la Bodi ya Parole mara ya kwanza huku, kwani Tanzania nayo inayo. Ila ile kazi yake ni kumtoa mfungwa kabla ya muda wake, ilhali ninyi, fauka ya hiyo, mna mamlaka ya kuliweka kando faili la mtu aliyekwisha maliza adhabu yake, ili mwajiri akiwauliza polisi habari zake asionyeshwe kosa la zamani.

Nitangulize lawama, nipate kushukuru kwa nafasi. Katika maelezo mnayowapa waombaji mmeandika bayana kwamba mtu hahitaji wakili wala mwakilishi, na kwamba ombi lililoletwa na mwakilishi halitatazamwa mapema kuliko mengine. Maneno haya ni ya kweli, na kwa sababu hiyo yangaliweza kuwaua njaa watu ninaowatetea, lau si hekima yenu ya kuyatibu katika kurasa zinazofuata. Mkawa kama mwenye kisima aliyebandika tangazo kwamba maji ni bure na kamba si lazima, baada ya kukichimba kisima pima arubaini kwenda chini.

Tumkadirie mpakia mizigo mmoja wa ghalani, ambaye alipokuwa na miaka 22 alivunja duka usiku pamoja na wenzake, kosa lake likahesabiwa katika makubwa, akatumikia adhabu, na leo ana mke, watoto na mvi za kwanza. Mtu huyu aanze kwa kwenda kuchukuliwa alama za vidole, alama zipelekwe RCMP, polisi wa taifa, nao wamrudishie karatasi ya makosa yake, asije akayasahau. Akiisha kuipata, aiendee mahakama iliyomhukumu, akatafute ithibati ya namna kesi ilivyokwisha na faini zilivyolipwa. Kisha awaendee polisi wa kila mji alioishi katika miaka 5 iliyopita, kila mmoja ajaze fomu yake. Na kama aliwahi kuwa askari, jeshi nalo lina karatasi yake. Baadhi ya karatasi hizi zina muda wa kuisha, hata anayeichelewesha moja huweza kukuta nyingine imekwisha kufa. Fomu zenu hazina bei, lakini alama za vidole zina bei, mahakama yaweza kutoza, polisi waweza kutoza, na anayelipwa kwa saa hulipia kila safari kwa saa alizokosa kazini. Ndipo wakala anapomwita, “Karibu ndugu, tuachie sisi,” na fomu anazozijaza ni zizo hizo, isipokuwa mteja bado atakwenda mwenyewe kutoa vidole, maana vidole, kwa bahati mbaya, havikodishwi.

Hata hivyo johari ya kazi yenu ni lile swali mlilomwekea mwenye kosa kubwa, kwamba aeleze kwa maandishi faida yenye kupimika atakayoipata rekodi yake ikisimamishwa, na jinsi jambo hilo litakavyomsaidia kudumu katika uongofu. Mpakia mizigo wetu ameketi mezani usiku, watoto wamelala, ameandika: “Nataka kazi nzuri.” Ameyasoma maneno yake mara mbili, akaona nafasi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyoandikwa, akashikwa na khofu kwamba rehema hupimwa kwa mistari. Wakala, ambaye lugha ya serikali ni mkate wake, humwandikia kwamba mwombaji anatarajia kuimarisha mchango wake wa kiuchumi katika jamii kwa njia endelevu. Nafasi ikajaa, na kazi nzuri ikawa haionekani tena mle ndani. Nani angalilipa ujira kwa huduma hiyo, kama swali lingaliulizwa kama mtu anavyomuuliza mwenziwe?

Katika habari ya ada tumepita baharini na mawimbi. Mpaka mwaka 2010 ilikuwa dola 50, ikapanda hadi 150, na mwaka 2012 ikaruka hadi 631, mwaka ambao neno msamaha nalo liliondolewa sheriani, na muda wa kungoja kabla ya kuomba ukarefushwa kutoka miaka 3 hadi 5 kwa makosa madogo, na kutoka 5 hadi 10 kwa makubwa. Ilikuwa imefika dola 657.77 Serikali ilipoirudisha kwenye dola 50 tarehe 1 Januari 2022, nasi tukadhani soko limekufa. Taksiri ilikuwa yetu kuwadhania vibaya. Mlango ulishushwa bei, njia ya kuufikia ikabaki na urefu wake, na leo ujira wa wakala waizidi ada ya Serikali mara nyingi.

Tena nisiisahau ile hazina iliyozikwa katika hesabu ya miaka, kwamba muda wa kungoja hauanzi mtu atokapo gerezani, bali siku aliyomaliza adhabu yake yote, hata senti ya mwisho ya faini na tozo zake. Mwenye tozo ya dola chache aliyoisahau ujanani huweza kukaa kwa wema miaka 10, akaleta ombi lake, akaambiwa kwamba miaka ile haikuhesabiwa. Alipe, kisha aanze kuwa mwema upya. Na akifuzu mwisho wa yote, siku anayotaka kuvuka mpaka kwenda kumzuru nduguye Buffalo, atagundua kwamba Marekani haiutambui msamaha wa Kanada, na kwamba wakala wake ana fomu nyingine mahsusi kwa mpaka huo.

Haya nayaandika kwa haraka ya mtu mwenye wasiwasi, kwa kuwa kuna watu wanaowashawishi muiache njia hii. Wanasema Uingereza imekuwa na sheria tangu mwaka 1974 ambayo makosa mengi huisha yenyewe kwa kupita miaka, bila mtu kuomba. Wanasema, na hapa nasikitika kuwa wanasema kweli, kwamba Kanada yenyewe hufanya hivyo kwa vijana: aliyevunja duka akiwa na miaka 17 aghalabu faili lake hufungwa kwa kupita muda akiwa usingizini, na mwenziwe wa miaka 18, aliyeingia kwa dirisha lile lile, huanza safari ya vidole. Seneta Kim Pate ameleta bungeni miswada ya kuwafanyia watu wazima vivyo hivyo. Nawasihi mtafakari aila ngapi za mawakala zitakosa riziki siku ambayo mpakia mizigo ataamka akute Serikali imehesabu miaka yake bila kuambiwa, kwa kompyuta zile zile zilizoyakumbuka makosa yake bila kuombwa.

Jibu la barua hii nitalingoja kwa utaratibu wenu wa kawaida, yaani miezi 6 mkiona kwamba kosa langu la kuandika ni dogo, na miezi 12 mkiona ni kubwa.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa barua za watu wengine, Toronto