Wachambuzi wa Detroit walioko Nachingwea

Vijiwe vya Nachingwea na Ruangwa havina uhaba wa wachambuzi wa viwanda vya Marekani. Mtu ambaye Noah yake huwaka kwa kusukumwa atakueleza, bila kupepesa jicho, kwa nini Chrysler na General Motors zilifilisika mwaka 2009, zikipishana mwezi mmoja tu, na kwa nini Pontiac imebaki jina. Hukumu yake ni fupi: gari la Mmarekani halina dhamana, nunua Toyota. Boneti ya Chevrolet hajawahi kuifungua.

Lakini hapa watu wana haki ya kusema.

Serikali ya Uingereza ilipokuja kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikosa matrekta mapya. Ikanunua masalia ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, na mengi yalifika hoi. Vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman navyo vikageuzwa matrekta, vikabatizwa Shervick. Vilivyoponea vitani vikaja kuumbuliwa na visiki. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kusubiri shehena ya karanga. Mradi ukafutwa mwaka 1951, umeshakula zaidi ya pauni milioni 30, na reli ikafungwa mwaka 1962.

Kwa hiyo wazee wa kijiweni wakimwambia kijana amtangulize fundi kabla ya fedha, wasikilizwe. Kwa hasara ya mashine za Kimarekani, Nachingwea iliitangulia Detroit kwa miaka 58.