Masaibu ya Nguva wa Mkononi

Tatuu, yaani mchoro wa kudumu unaotiwa mwilini kwa kudunga wino hadi ngozi ya ndani, ilikuwa kwa mabaharia wengi wa Ulaya na Marekani hirizi na cheti cha safari kwa pamoja. Aliyevuka ikweta aliweza kuchorwa Neptune, mungu wa bahari wa Warumi; aliyevuka mstari wa kimataifa wa tarehe katika Pasifiki alistahili joka la dhahabu; na aliyeogopa kuzama alichorwa nguruwe mguu mmoja na jogoo mguu wa pili. Ilisemekana kuwa wanyama hao walisafirishwa ndani ya makasha ya mbao, ambayo huelea chombo kinapovunjika; kwamba baharia mwenyewe hakufungiwa kashani ni jambo dogo ambalo wataalamu wa hirizi hawakuona haja ya kulijadili.

Hata hivyo, balaa la viumbe wa wino halikutoka baharini bali ofisini. Mwaka 1909 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilielekeza kwamba kijana mwenye tatuu ya aibu asiandikishwe, ila apewe nafasi ya kuirekebisha, na hapo wachoraji wakageuka mafundi cherehani, wakiwashonea nguo wanawake wa wino kwa sindano zilezile zilizowavua. Nguva, kiumbe wa hadithi mwenye kiwiliwili cha mwanamke na mkia wa samaki, alikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa mkia ulimtosha sketi na deni lake lilikuwa blauzi tu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yeye aliyekuwa majini tangu kuumbwa akatakiwa atoke kwanza akavae.

Masaibu ya siku hizi husababishwa na tamaa ya mteja. Mabingwa wa zamani kama Norman Collins, maarufu kwa jina la Sailor Jerry, aliyefanya kazi Honolulu na kufariki mwaka 1973, walichora kwa mistari mizito myeusi, kwa sababu wino hutawanyika polepole ngozini na mstari mwembamba hufifia mapema. Mteja wa leo hutaka krakeni, yaani dubwana la bahari la hadithi za Norwe lenye minyiri kama ya pweza, likiwa limekumbatia meli ya milingoti mitatu, pamoja na dira, nanga na nguva wawili, vyote vienee kwenye kiwiko cha mkono. Miaka ikipita, minyiri hushikana na kamba za matanga hadi mchoro wote ukafanana na sahani ya tambi. Anayechagua tumbo naye hushuhudia jahazi lake likiongezeka tani bila kupita chelezoni.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo siku moja atauliza kwa nini babu amechorwa chakula. Kufuta kwa leza huhitaji vipindi vingi, huuma, na mara nyingi hubakiza kivuli. Kwa hiyo anayeazimia kuchorwa na achague dubwana moja na chombo kimoja, vichorwe vikubwa, kwa mistari mizito, juu ya mkono na si tumboni.