Ua wa Saipresi na Wenye Shida Zao

Limuru ina chai, ina baridi, na ina saipresi. Huku boma lisilo na ua wa saipresi linaonekana kama halijamalizwa kujengwa. Asili ya mti huu ni Mexico na Amerika ya Kati, ila umezoea ukungu wetu wa Julai kuliko baadhi yetu tuliozaliwa hapa. Ni kijani mwaka mzima, na ukipandwa kwa kukaribiana na kukatwa mara kwa mara, unashikana ukawa ukuta. Ukiachiwa unakwenda juu hadi mita 30 hivi, na hapo si ua tena, ni kesi na watu wa stima. Mimi niliupanda nikitafuta faragha tu.

Ua ulipofika kifuani, majirani wakaona pa kuanikia nguo pasipohitaji vibanio. Jumamosi moja nilitoka na kikombe cha chai nikakaribishwa na mashuka, sweta ya shule, na chupi ya mtu mzima iliyotandazwa kwa ujasiri upande wa barabara. Hiyo ya mwisho haijapata mwenyewe mpaka leo. Mashuka yalipochukuliwa yalikuwa na madoa ya utomvu, na lawama zikaletwa mlangoni kwangu: "Jirani, huo mti wako unanata." Nikaomba radhi kwa niaba ya mti.

Kisha ikaja Desemba. Huku hatuna haja ya kununua mti wa Krismasi: tawi la saipresi ndani ya ndoo ya mchanga, pamba kidogo juu yake iwe theluji, na sikukuu imeanza. Shemeji alikuja kuomba "katawi kadogo tu", akaondoka na kitu kilichobidi kibebwe kwa pikapu. Kanisa likatuma vijana na panga. Mwalimu wa nasari akatuma barua yenye mhuri. Ungemnyima nani siku za kuzaliwa kwa Bwana? Kufikia mkesha, ua wangu ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Ili mapengo yasawazishwe, nikaita fundi wa bustani. Alikuja na mkasi mrefu na maneno marefu zaidi. Sasa, saipresi si bogainvilia, ambayo ukiikata hadi shinani itachipua kwa hasira. Majani ya saipresi, yale magamba madogo ya kijani, yako nje tu. Ndani, ambako jua halifiki, ni vijiti vya kahawia, na ukikata mpaka huko hapachipui tena. Nilimweleza hayo yote. "Mdosi," akanijibu huku akijaribu makali ya mkasi kwa kidole gumba, "kazi hii nimeifanya tangu ukiwa shule." Jioni upande mzima wa barabara ulikuwa rangi ya chai ya rangi. "Itarudi na mvua," akasema, akahesabu pesa zake.

Mvua za Aprili zimekuja zikapita. Zimerudisha nyasi, konokono, na fundi mwenyewe, aliyepita kuuliza kama kuna kazi nyingine.

Upande aliouacha kijani, aliuchonga ukawa mpana juu na mwembamba chini. Juu pakatia kivuli chini, chini pakakauka, na sasa kuku wa jirani wanapita hapo bila kuinama. Kilichobaki kimeingiwa na vidukari wa saipresi, wale walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, wakakausha nyua nyingi. Wanafyonza utomvu na kudondosha umajimaji mtamu, nao sisimizi wanakuja kuulamba. Shuka la kwanza lililoanikwa hapo baada ya hayo lilirudi nyumbani na sisimizi, wakalala nalo. Tangu usiku huo hakuna aliyeanika tena. Vidukari wamefanya kazi iliyoushinda ua wenyewe.

Wewe unayetaka kupanda, panda, mti ni mzuri. Anza kuukata ukiwa mchanga, kata kijani peke yake, uache chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike. Fundi akikuambia itarudi na mvua, mnyang'anye mkasi. Na Desemba ikikaribia, nenda kawasalimie wakwe.